MAONI YETU: OB si kitabu cha siri

Mtu wako asiporudi nyumbani Ijumaa usiku na simu yake imezimwa, usianze kumtafuta katika kituo cha polisi kilicho karibu na kwenu. Anza na kile kilicho karibu na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Aliyekamatiwa Gikomba hapelekwi Kayole eti kwa kuwa ndiko anakolala. Atapelekwa Kamukunji au Shauri Moyo, na familia inayozunguka Kayole usiku kucha itarudi mikono mitupu huku kijana amejikunyata sakafuni upande mwingine wa jiji.

Ni ushauri mdogo, wala haukupaswa kuhitajika. Katika nchi yenye katiba kama yetu, swali la "mtu wangu yuko wapi?" lilistahili kujibiwa kwa dakika moja, kwa simu, na yeyote aliye zamu. Sheria tulizo nazo zinaelekea huko tayari. Lakini jibu bado hutegemea hisani ya afande aliye kaunta, na hisani hiyo mara nyingi ina bei.

Basi tueleze kwanza namna ya kutafuta, halafu tuseme kinachotuudhi.

Ingia kituo chochote cha polisi nchini. Mbele yako kuna kaunta, ya mbao au ya saruji, iliyolainishwa na viwiko vya watu wenye shida. Nyuma ya kaunta kuna kitabu kikubwa chenye jalada gumu na kurasa za mistari. Hicho ndicho OB, kitabu cha matukio, tulichorithi kwa polisi wa mkoloni pamoja na jina lake. Ndugu zetu wa Tanzania husema RB pale sisi tunaposema OB. Ng'ombe aliyepotea, kitambulisho kilichoanguka kwenye matatu, mume aliyempiga mke, maiti iliyookotwa mtoni, askari anayetoka doria na anayerudi: yote huingia humo kwa kufuata saa. Namba yake husomeka kirahisi. OB 27/14/6/2025 ni tukio la 27 lililoandikwa tarehe 14 Juni 2025. Kesho yake hesabu huanza upya.

Mtu anapoletwa akiwa amekamatwa, huandikwa humo kabla hajaingia seli. Hapo kaunta huvua mshipi, kamba za viatu, saa, na kutoa simu na pesa, navyo vinapaswa kuandikwa na kutiwa sahihi. Mbali na OB, kuna daftari la seli linaloonyesha nani yumo na nani ametoka, na kila zamu inapobadilika mahabusu huhesabiwa, anayeondoka akimkabidhi anayeingia. Kwa maneno mengine, hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambapo kituo kinachofuata taratibu zake hakijui kina watu wangapi ndani na ni akina nani. Afande akikwambia "hatujui, rudi asubuhi", anachokosa si habari.

Kwa hiyo lugha ya kuuliza ina maana. Mama akifika analia na kuuliza, "Mmemshika mwanangu?", jibu rahisi ni "Hapana, mama, jaribu kwingine." Muulize afande akuangalizie kwenye OB na kwenye daftari la seli kama kuna mtu wa jina hili aliyeingizwa tangu jana saa kumi na mbili jioni. Mpe majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho ukiwa nayo. Jaribu tahajia nyingine pia, maana kalamu ya usiku huandika inavyosikia: Mohamed hugeuka Muhamad, Achieng' hukatwa ikawa Achien, na kuna vijana ambao kwa woga hutoa jina la utani au la rafiki. Ukiambiwa hayupo, uliza jina la afisa anayekujibu, uandike na saa. Fanya hivyo kwa adabu, bila kelele. Mtu aliyeulizwa jina lake aghalabu hufungua kitabu mara ya pili.

Akina mama wa mitaa yetu wana mbinu kongwe kuliko zote hizi. Hupika ugali na sukuma, hutia kwenye kopo, huenda kituoni na kusema, "Nimemletea fulani chakula." Askari atamwambia aonje kwanza, kama ilivyo desturi, kisha atalipokea kopo au atalikataa. Likipokelewa, mtu yumo. Ni jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja kwamba kopo la ugali hutoa jibu la kuaminika kuliko kaunta.

Ukimpata, omba namba ya OB na uiandike mahali pasipopotea. Uliza pia kosa analodaiwa, jina la afisa mpelelezi, na mahakama atakayopelekwa. Wakili atakayekuja kesho ataanzia kwenye namba hiyo. Na kama kesho kituo kitasema hakikuwahi kumwona mtu huyo, utakuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Kinampa haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anauhitaji msaada wao. Kinataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 24. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika jedwali lake la tano, inadai rejista kila mahali watu wanapozuiliwa: jina, sababu, siku na saa ya kukamatwa, afisa aliyekamata, siku ya kufika kortini, na mtu akihamishwa, amehamishiwa wapi na lini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa anayetafuta. Kituo hakina ruhusa ya kusema "alikuwepo lakini wamemchukua" na kuishia hapo. Wamemchukua akina nani, wamempeleka wapi, saa ngapi? Lazima pawe na mstari wa wino unaojibu.

Saa 24 zenyewe zina tundu. Zikiisha mahakama imefungwa, mtu hufikishwa siku ya kazi inayofuata. Ndipo tukapata kile Wakenya walichokipa jina la kejeli, Kamata Kamata Friday. Ukishikwa Ijumaa alasiri, utalala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa neema ya kalenda, na wengi wanaoshikwa hivyo hawana kosa la kuwafikisha hata kwa hakimu Jumatatu. Hutolewa Jumapili jioni baada ya jamaa "kuongea vizuri".

Tuseme wazi kuhusu hayo mazungumzo. Kwa makosa mengi madogo, mkuu wa kituo, OCS, anaweza kumwachilia mtu kwa bondi ya polisi, nayo haitozwi hata shilingi. Anaweza pia kudai dhamana ya pesa taslimu, na hiyo lazima iandikiwe risiti rasmi ya serikali. Pesa isiyo na risiti ni hongo, uiite chai, uiite mafuta ya gari, uiite ya airtime. Na kuna matapeli wasiovaa hata sare. Hukupigia simu usiku wakisema mtu wako ameshikwa, yuko seli, tuma elfu kumi kwa M-Pesa kabla faili halijaandikwa. Waulize kituo gani na OB namba ngapi, ukate simu, uende mwenyewe. Tapeli hana OB.

Wikendi ikipita bila jibu, Jumatatu nenda kortini mapema, kabla ya saa tatu. Kila kituo hupeleka watu wake kwenye mahakama inayojulikana: wa Eastlands wengi hufikishwa Makadara, wa Kilimani na Lang'ata hufikishwa Kibera. Simama penye mlango wa seli za mahakama wakati mariamu, gari la kusafirishia mahabusu, linashusha watu. Muulize karani orodha ya wanaosomewa mashtaka siku hiyo. Akikosa dhamana, mtu hupelekwa rumande, na magereza huwa na rejista yao ambayo kwa uzoefu wa wengi ni nadhifu kuliko ya polisi: Industrial Area kwa wanaume wa Nairobi, Lang'ata kwa wanawake, Shimo la Tewa kwa watu wa Mombasa, Kodiaga kwa Kisumu. Mtoto chini ya miaka 18 hapaswi kuwekwa na watu wazima. Muulizie na kwa afisa wa watoto wa eneo lako.

Kuna sheria nyingine ambayo wengi hawajaisikia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandika ombi la habari kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo hupungua hadi saa 48. Uko wapi uhuru wa mtu kama si ndani ya seli? Andika barua ya mistari mitano, ipeleke kituoni, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri. Wakinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ijulikanayo zaidi kwa jina la Ombudsman. Tunajua saa 48 ni mara mbili ya muda ambao polisi wamepewa kumfikisha mtu kortini, na mzazi mwenye wasiwasi hangoji barua. Ila mhuri kwenye nakala ni ushahidi kwamba uliuliza, na kuna siku ushahidi huo utakuwa na thamani kubwa.

Yote hayo yanamhusu mtu aliyeandikwa. Na asiyeandikwa je?

Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka Mahakama ya Mavoko, na hawakufika nyumbani. Walikuwa wametekwa na polisi. Walizuiliwa kwa muda katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, ndani ya kontena lililotumiwa kama seli. Hawakuandikwa popote. Habari ya kwamba walikuwa humo ilitoka kwa karatasi ya chooni ambayo wakili aliandika na kuitupa nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kesi ilichukua miaka. Februari 2023 Mahakama Kuu ilimhukumu kifo afisa Fredrick Leliman, na wenzake wakapewa vifungo virefu. Wakili, mtu ajuaye sheria kuliko wengi wetu, alibaki na karatasi ya chooni ya kuandikia kile ambacho OB ilitakiwa kukisema.

Kuandikwa nako si kinga kamili. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akaingizwa Kituo cha Polisi cha Central. Hakuiona asubuhi. Babake alisafiri kuja Nairobi akiwa na hatimiliki ya shamba, akidhani itafaa kwa dhamana. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa na kukabwa shingo. IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, ikawaambia maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Maafisa, akiwemo aliyekuwa mkuu wa kituo hicho, walishtakiwa kwa mauaji. Mzee yule hakukosea popote. Alijua kituo, alijua jina la kutaja, alikuja na hati mkononi.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 tulishuhudia jambo jingine: watu waliochukuliwa mchana kweupe na wanaume waliofunika nyuso, ndani ya magari yenye namba za kubandika, na kila kituo kikasema hakiwajui. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Kwa mtu wa namna hiyo kuzunguka vituo hakusaidii. Njia ni Mahakama Kuu, kwa ombi la habeas corpus: jaji amwamuru anayemshikilia mtu amlete mbele yake, au aeleze yuko wapi. Kifungu cha 25 cha Katiba kimeiweka haki hiyo miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ya usalama.

Nayo hufanya kazi, japo kwa kusukumwa. Agosti 2024 ndugu wawili na mwanaharakati mmoja wa Kitengela walitoweka. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, afike kueleza. Hakufika. Akaitwa tena na tena, hakufika. Septemba 13 jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Wiki moja baadaye watatu hao wakaachiliwa, baada ya siku 32, na Masengeli akaja kortini kuomba radhi, kifungo kikaondolewa. Siku 32, na mkubwa wa polisi wa nchi nzima, ndipo familia zikapata jibu la swali ambalo daftari la seli hujibu kwa mstari mmoja. Ombi kama hilo huhitaji ushahidi wa mwanzo: ulienda vituo gani, saa ngapi, ukajibiwa na nani. Ndiyo sababu tulisema uandike.

Wasomaji wetu wenye ndugu Marekani watatuambia kwamba huko mambo ni mepesi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Jela za kaunti huendeshwa na sherifu, na kaunti nyingi huweka orodha ya waliomo kwenye tovuti: jina, namba ya kuingizwa, kosa linalodaiwa, kiasi cha dhamana, na picha. Ukiwa Eldoret unaweza kumwona binamu yako aliyeshikwa Dallas kabla mkewe hajaamka. Ugumu ni kuijua kaunti, kwa kuwa ziko zaidi ya 3,000 na kila moja ina orodha yake. Na akishikwa na watu wa uhamiaji, hayumo kwenye orodha ya sherifu bali kwenye mfumo wa ICE, unaotaka namba ya A yenye tarakimu tisa na nchi aliyozaliwa, au jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye faili lao. Wenye ndugu huko wawaombe namba hiyo leo, kabla ya haja. Ni mazungumzo machungu, lakini yafanyike.

Huko pia rejista humhudumia mtu ambaye sisi humsahau kabisa, naye ni aliyetendewa. Desemba 1993, mjini Louisville, Kentucky, Mary Byron aliuawa siku aliyotimiza miaka 21. Muuaji alikuwa mpenzi wake wa zamani, aliyekuwa jela kwa kumdhulumu na akatoka kwa dhamana bila yeyote kumwarifu Mary. Mwaka uliofuata kaunti hiyo ilianzisha mfumo wa simu, VINE, unaompigia mwathiriwa pindi mshukiwa anapoachiliwa, na leo umeenea majimbo mengi. Mwanamke wa Kenya aliyeripoti kupigwa hupewa namba ya OB na kurudi nyumbani. Kwamba mume ameachiliwa saa nane mchana hulijua mlango unapopigwa teke.

Ila tusiige kila kitu. Zile picha za Marekani zimezaa biashara chafu. Kuna waliozikusanya kutoka tovuti za polisi, wakazitangaza mtandaoni, kisha wakawatoza watu mamia ya dola ili kuziondoa, wakiwemo walioachiliwa bila kosa. Mwaka 2018 jimbo la California liliwashtaki watu wanne waliodaiwa kuendesha tovuti ya aina hiyo, na majimbo kadhaa yametunga sheria dhidi ya malipo hayo. Picha ya uso uliovimba usingizi humfuata mtu kwenye kila kazi anayoomba. Nasi tuna ugonjwa wetu wa kuwapanga washukiwa mbele ya kamera, bunduki bandia mezani, kabla hakimu hajasikia neno. Anayetafuta mtu wake hahitaji picha. Anahitaji kuambiwa yupo au hayupo, na kama yupo, kituo gani.

Jibu hilo serikali inaweza kulitoa ikitaka. Kabla ya uchaguzi wa 2017 na wa 2022, mpigakura alituma namba ya kitambulisho kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kibonyezo, akajibiwa kituo chake cha kupigia kura. Dola inayojua utapigia kura darasa la shule gani haiwezi kudai imeshindwa kujua umelala seli gani. Tumeahidiwa OB ya kidijitali mara kadhaa, na itakapofika kila kituo tutaipokea kwa mikono miwili, mradi itoe njia ya familia kuuliza na isiwe kompyuta ya kufungia kitabu kilekile gizani.

Lakini hatuna haja ya kungoja kompyuta. Kila kituo kina simu. Kila zamu ina afisa. Polisi waagizwe kwamba mtu akiingizwa seli, afisa wa zamu apige simu kwa jamaa mmoja anayetajwa na mahabusu mwenyewe, na saa ya simu hiyo iandikwe kwenye OB kando ya jina. Waagizwe kwamba anayekuja kuuliza atafunguliwa daftari la seli na kujibiwa, na swali lake nalo liandikwe, ili siku mtu akipotea ijulikane nani aliuliza na nani alikana. Aliyeripoti kudhulumiwa apigiwe simu kabla mshukiwa hajatoka mlangoni. IPOA, ambayo ina mamlaka ya kuingia vituoni kukagua, ianze ukaguzi wake kwa kuhesabu waliomo seli na kulinganisha na majina yaliyo kitabuni, hasa Jumamosi usiku.

Agizo la namna hiyo hutoka kwa Inspekta Jenerali kwa barua ya ukurasa mmoja. Tunamwomba aiandike kabla ya Ijumaa ijayo.